Kinanda na mwenye sauti



Leo nimekuja kuungama. Wiki tatu zilizopita, nikiwa hapa hapa mbele ya kipaza sauti hiki, nilisema kwamba muziki unaopigwa kwa vinanda vya umeme na mashine za ngoma ni muziki wa wavivu, na kwamba hauna roho. Nilisema kwa uhakika mkubwa, kama ilivyo kawaida ya mtu anayezungumza bila kukatizwa. Barua zikaja. Nyingi zilinipongeza, nami kama binadamu nikafurahi. Lakini mtu mmoja hakuandika barua. Yeye alikuja nyumbani.

Huyo ni mtoto wa kaka yangu mkubwa. Ili uuelewe uzito wa ziara yake, yanipasa nieleze kidogo habari za baba yake. Kaka yangu alipiga tarumbeta katika bendi ya dansi kwa miaka mingi. Bendi yao ilikuwa na watu kumi na mmoja, na kila Jumamosi ilipiga katika hoteli moja ambayo sitaitaja. Siku moja wakaitwa ofisini, wakapewa malipo yao ya mwezi pamoja na shukrani. Jumamosi iliyofuata, pale walipozoea kukaa watu kumi na mmoja, alikuwa amekaa kijana mmoja na kinanda kimoja. Kaka alikwenda akachungulia mlangoni, akarudi nyumbani, akaiweka tarumbeta juu ya kabati. Ikakaa huko.

Sasa mwanawe naye kanunua kinanda kwa fedha zake mwenyewe, anakipigia chumbani kwake. Baba mtu hakanyagi chumba kile. Wanakula pamoja, wanaulizana hali, lakini habari ya muziki haiguswi.

Basi kijana alinikuta barazani, akaniamkia, akakaa. "Baba mdogo," alisema, "nilikusikia redioni. Ulisema muziki wa vinanda hauna roho. Naomba unitajie ni muziki gani wa vinanda uliousikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho."

Nilikohoa kidogo. Nikamwambia kwamba nausikia kila siku, kwenye daladala, kwenye harusi, kila mahali.

"Huko ni kusikia," alisema kwa adabu. "Mimi nimeuliza habari ya kusikiliza." Akaniachia albamu moja, akaaga.

Ndugu msikilizaji, albamu hiyo inaitwa Upstairs at Eric's. Ilitolewa nchini Uingereza mwezi Agosti 1982, na ilikuwa ya kwanza kwa kundi la watu wawili tu, mwanamume na mwanamke, waliojiita Yazoo. Huko Marekani walilazimika kuuza santuri zao kwa jina la Yaz, kwa kuwa jina la Yazoo lilikwisha chukuliwa na kampuni nyingine ndogo ya santuri. Nimeisikiliza yote, si mara moja. Na ninayo ya kusema.

Nianze na hao watu wenyewe. Wote wawili walikulia Basildon, katika jimbo la Essex, mashariki mwa London. Basildon ni mji uliopangwa na serikali baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1949, ili kuwapa makazi watu wa London ambao nyumba zao zilikuwa zimebomolewa au zimechakaa. Ni mji wa viwanda, na matrekta ya Ford yalitengenezwa hapo. Si mji ambao mtu angetazamia kwamba muziki mpya utatokea humo. Lakini ndiko alikokulia kijana Vince Clarke, ambaye pamoja na wenzake waliunda kundi la Depeche Mode. Clarke ndiye aliyetunga nyimbo nyingi katika albamu ya kwanza ya kundi hilo, iliyotoka mwaka 1981. Nyimbo zikapendwa, picha zao zikatoka magazetini, na mwaka huo huo, kabla haujaisha, Clarke akajitoa. Wengi walishangaa. Mtu anaachaje sufuria ikiwa ndiyo kwanza inachemka?

Mwenzake alikuwa binti aitwaye Alison Moyet. Huyu hakuwa mtu wa vinanda hata kidogo. Alikuwa akiimba na vikundi vya vijana, vya punk na vya bluzi, katika kumbi ndogo za Essex. Alikuwa na sauti nene, ya kifua, sauti inayomfanya mtu aache kunywa alichoshika mkononi. Akaweka tangazo katika gazeti la muziki la Melody Maker kwamba anatafuta wanamuziki wa bluzi. Simu iliyopigwa haikutoka kwa mpiga bluzi. Ilitoka kwa Clarke, aliyekuwa ametunga wimbo na anahitaji mtu wa kuuimba ili akaupeleke kwa mwenye kampuni ya santuri.

Wimbo huo uliitwa Only You. Ulitoka mapema mwaka 1982, ukapanda mpaka nafasi ya pili katika chati ya Uingereza. Watu wawili ambao hawakuwa marafiki, ambao hawakuwahi kuimba pamoja, wakajikuta ni kundi. Kampuni yao, Mute, iliyoanzishwa na Daniel Miller mwaka 1978, ilikuwa ndogo. Studio iliitwa Blackwing, na ilikuwa ndani ya kanisa la zamani huko kusini mwa London, kanisa lililopigwa mabomu wakati wa vita na ambalo halikutumika tena kwa ibada. Fundi mitambo wa hapo aliitwa Eric Radcliffe. Huyo ndiye Eric wa kwenye jina la albamu. Wanamuziki wangapi wakubwa wamekumbuka kumpa fundi mitambo wao heshima ya namna hiyo?

Sasa nije kwenye lile neno langu la uvivu.

Kinanda cha aina hii, ambacho wataalamu hukiita sinthesaiza, hakina nyuzi wala mabomba. Ndani yake umeme hutetemeshwa, mtetemo ukawa mlio, na mpigaji huzungusha vifundo mpaka mlio ule uwe mkali au mwororo, mfupi au mrefu. Vinanda vingi vya namna hiyo siku zile vilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka noti tatu zilie pamoja, unarekodi ya kwanza, unaanza upya, unarekodi ya pili juu yake, kisha ya tatu. Ukitaka mlio wa ngoma, nao unautengeneza kwa vifundo. Hiyo ni kazi ya fundi saa, ndugu msikilizaji. Mtu anainama saa nyingi juu ya kitu kidogo ili mwingine asikie dakika tatu. Kwa hiyo nafuta neno langu. Kazi ile si ya wavivu.

Na roho je? Albamu ina nyimbo kumi na moja. Unafunguliwa na wimbo uitwao Don't Go, wenye mlio mkali wa kinanda unaojirudia kama mtu anayegonga mlango na hataki kuondoka. Huo nao ulifika nafasi ya tatu. Clarke alitunga nyimbo saba, Moyet akatunga nne, na utunzi wao unatofautiana. Nyimbo za Clarke ni nadhifu, kila noti imekaa mahali pake kama vyombo kabatini. Za Moyet, kama ule wa Midnight, ni za mtu mwenye jambo moyoni. Lakini aimbapo nyimbo za Clarke, zile nyimbo nadhifu nazo hupata jasho. Na mashine za Clarke, kwa kuwa hazitikisiki, humpa mwimbaji ukuta wa kuegemea. Kule kwenye bluzi angekuwa mwimbaji mmoja hodari kati ya wengi. Hapa, pembeni ya mlio ule wa baridi, kila pumzi yake inasikika.

Sisemi kwamba kila kitu humo ni kizuri. Kuna kipande kimoja ambacho si wimbo kabisa. Ni maneno yaliyokatwakatwa na kuunganishwa ovyo, watu wakisema juu ya wenzao kama sokoni. Nilikisikiliza mara mbili kwa ajili ya haki, na mara ya tatu nikakiruka. Vijana wakipewa mitambo hucheza nayo, ndivyo walivyo. Lakini albamu hiyo ilifika nafasi ya pili nchini mwao, na baada ya miaka zaidi ya arobaini bado kijana wa kwetu ameiona inafaa kumletea baba yake mdogo.

Ndugu msikilizaji, nisije nikakimbilia upande wa pili na kumsahau kaka yangu. Mwaka ule ule wa 1982, mwezi Mei, miezi mitatu tu kabla ya albamu hii, tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Chanzo kimojawapo kilikuwa ziara ya mwimbaji wa Marekani, Barry Manilow, ambamo vinanda vilitumika mahali pa okestra. Wapiga fidla na wapiga tarumbeta wa London waliona yale yale aliyoyaona kaka yangu alipochungulia mlangoni. Azimio lile halikuwa sera ya chama kizima, na siku hizi watu hulisimulia kwa kucheka. Mimi sicheki. Mtu aliyejifunza chombo tangu utotoni, akalea watoto kwa chombo hicho, akiona nafasi yake imekaliwa na kisanduku, ana haki ya kusema.

Ila walikosea mshitakiwa. Kinanda hakijawahi kuingia ofisini na kumfukuza mtu kazi. Aliyewafukuza wapiga okestra ni mtu mwenye hesabu mkononi, aliyeona kwamba kumlipa mmoja ni nafuu kuliko kuwalipa kumi na mmoja. Mwenye ukumbi anayetafuta nafuu hatafuti muziki. Na ushahidi ni albamu hii yenyewe, kwa kuwa Clarke alikuwa na mashine zote alizozihitaji, na bado alishika simu akampigia mwimbaji. Alijua kwamba kisanduku chake kinaweza kutoa karibu kila mlio, isipokuwa ule mmoja uliokuwa adimu.

Tazama yaliyoupata wimbo ule wa Only You. Mwaka 1983 kundi la wanaume lililoitwa Flying Pickets liliuchukua, likauimba kwa midomo mitupu. Hapakuwa na kinanda, wala gitaa, wala ngoma. Wimbo uliozaliwa ndani ya mashine ukavuliwa mashine zote, na hivyo ulivyo ukafika nafasi ya kwanza na kukaa hapo wakati wa Krismasi, nafasi ambayo wenyewe Yazoo hawakuipata kwa wimbo huo. Kama ungekuwa hauna roho, ungebaki na nini ulipovuliwa nguo?

Tazama na jambo jingine. Nyuma ya santuri ndogo ya Only You palikuwa na wimbo uitwao Situation, ambao baadaye ulitiwa katika albamu iliyouzwa Marekani na kupendwa sana katika kumbi za dansi za huko. Mwanzoni mwake Alison Moyet anacheka. Kicheko chenyewe ni kifupi tu. Miaka ikapita. Mwaka 1996 dunia nzima ikacheza Macarena, na sisi humu mitaani tukacheza, kwenye harusi na kipaimara, wazee kwa watoto. Katika toleo lile lililovuma zaidi, lililotengenezwa Marekani, unasikika mwanamke akicheka. Ndicho kicheko kile kile cha Moyet, kilichonyofolewa kwa mashine na kupandikizwa humo. Wengi wetu tumecheza na kicheko chake bila kumjua mwenyewe. Mafundi wale walikuwa na mitambo bora mara nyingi kuliko ya mwaka 1982, na bado walipotaka kitu chenye uhai walikwenda kuchukua kicheko cha binti wa Basildon.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Leo tumefika mahali ambapo kompyuta inaweza kuunda hata sauti ya mwimbaji ambaye hakuzaliwa. Hofu ya wapiga tarumbeta imewafikia waimbaji wenyewe. Nami sina ubashiri wa kukupa, maana ubashiri ndio ulioniponza wiki tatu zilizopita. Ninalo somo dogo tu kutoka katika albamu hii, nalo lina upande wa uchungu.

Upande wa uchungu ni huu. Yazoo hawakudumu. Kufikia mwaka 1983, wakati albamu yao ya pili inatoka, walikuwa wameshaachana. Albamu hiyo ilikwenda moja kwa moja hadi nafasi ya kwanza, na wenyewe hawakuwa kundi tena. Walikuwa wameitengeneza kwa kiasi kikubwa kila mmoja kwa wakati wake, yeye na mashine zake, yeye na kipaza sauti chake. Walikuwa ni watu wakimya ambao hawakuwahi kufahamiana vizuri, na mafanikio yakawakuta kabla hawajajifunza kuzungumza. Moyet akaenda zake akawa mwimbaji mashuhuri peke yake. Clarke akaweka tangazo katika gazeti lile lile la Melody Maker, akampata kijana mwingine, Andy Bell, na mwaka 1985 wakaanzisha Erasure. Ilipita miaka ishirini na mitano kabla Yazoo hawajasimama tena jukwaani pamoja, mwaka 2008, na ndipo kwa mara ya kwanza wakawaimbia watu nyimbo za ile albamu ya pili.

Miaka ishirini na mitano, ndugu msikilizaji! Wala mashine haikuwagombanisha. Mashine ilifanya kila ilichoamriwa. Kilichowashinda ni kazi ambayo hakuna kifundo cha kuizungusha, yaani kukaa na mwenzako mkaambiana. Na mimi nilipoyasoma hayo sikumfikiria Clarke wala Moyet. Niliwafikiria watu wawili wanaokula pamoja katika nyumba moja na hawaitaji tarumbeta wala kinanda.

Basi Jumapili iliyopita nilikwenda kwa kaka. Sikumhutubia, maana yeye ndiye mkubwa. Nilimwomba tu tusikilize pamoja wimbo mmoja, ule wa Midnight. Alisikiliza huku ametazama chini, kama asikilizavyo mtu wa tarumbeta, akihesabu kwa kidole gumba. Ulipokwisha alikaa kimya, kisha akasema, "Huyu mama anajua kupumua." Akaomba urudiwe. Mara ya pili akasema, "Na huyo wa kinanda anajua kumwachia nafasi. Wengi hawajui." Halafu akaniuliza nimeupata wapi. Nikamwambia umetoka katika chumba cha tatu upande wa kulia.

Hakusema kitu. Nami sikukaa kuona kilichofuata, kwa hiyo sitakudanganya kwamba alisimama akaenda. Hoteli ile hajaisamehe, wala simwambii aisamehe. Lakini nilipokuwa naaga niliona kwamba tarumbeta imeshushwa kutoka juu ya kabati, na kitambaa cha kufutia vumbi kiko kando yake.

Kwa vijana wetu wenye vinanda chumbani, nasema hivi: endeleeni, ila msikae peke yenu. Mtafuteni mwenye sauti, mwenye tarumbeta, mwenye tumba, hata kama ni mtu ambaye hamfanani, na mkimpata zungumzeni naye. Kwa wazee wenzangu, tuache kuhukumu kile tulichokisikia dirishani, tuingie ndani tukisikilize. Na kwa wenye kumbi na hoteli, kama mnataka nafuu semeni mnataka nafuu, msisingizie maendeleo.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa uzima, tukutane tena wiki ijayo, siku na saa kama hizi. Kwaheri kwa sasa.